Mwanangu, Washa Jiko

Mwanangu, siku uliyofika hapa Isecheno nilikaa barazani nikakutazama ukishusha mizigo kutoka kwenye bodaboda. Blenda mpya. Makopo matatu ya unga wa protini. Mizani ya kupimia chakula, ndogo kama kitabu cha nyimbo. Mimi shangazi yako nikakuuliza kisu chako kiko wapi, ukacheka: "Senje, visu si viko kwako?" Hapo nikajua kazi bado mbichi.

Sikukulaumu, wala leo sikulaumu. Kwetu huku mvulana akishatoka jandoni na kujengewa kijumba chake, jikoni kwa mama anapaona kama nchi ya watu. Nimewaona wanaume wa kijiji hiki, wenye nguvu za kupasua gogo la mti wa msituni, wakilala njaa kando ya ghala lililojaa mahindi kwa sababu mke amekwenda matangani. Marehemu baba yako alikuwa mmoja wao, na nilimpenda hivyo hivyo. Wewe ukaenda Nairobi, ukala hotelini miaka ishirini: chapati asubuhi, chipsi mchana, nyama choma usiku, na soda ya kusukumia. Mwili ukapokea kila ulichoupa. Ikaja presha, ikaja sukari, yakaja magoti. Mwisho daktari akakulaza akakukata tumbo.

Sina ugomvi na daktari huyo. Uliponieleza kwamba wameondoa karibu robo tatu ya tumbo, likabaki jembamba kama ndizi, nilishika kifua. Lakini leo ni mwezi wa nne tangu upasuaji, na juzi ulipanda kilima ukiwa mbele yangu unaongea, hupumui kwa shida. Nilifurahi moyoni kuliko ulivyojua. Ninachokuambia ni kwamba yule daktari alimaliza kazi yake siku moja akanawa mikono. Atakayekulisha kuanzia hapo hayupo hospitalini.

Alikwambia njaa itapungua, maana sehemu ile waliyoiondoa ndiyo iliyokuwa ikitoa kwa wingi kile kichocheo cha njaa. Ni kweli. Siku mbili za kwanza hapa hukugusa kitu hadi saa nane mchana. Lakini saa nane ilipofika, hukuwa umepika chochote, ukachukua mandazi ukayachovya kwenye chai ya sukari. Yakapita bila kubisha hodi. Nyama usiyoitafuna inakukaba, ugali ukizidi matonge mawili unakurudisha nyuma, lakini vitamu laini havina mlinzi, vinateleza tu, na baada ya saa moja vingine vinateleza. Ndiyo njia zinayorudia kilo, polepole, kama mtu aliyesahau kofia yake.

Ndiyo maana nilikupeleka sokoni Khayega. Hukununua vingi, nami nilikuzuia usinunue vingi. Trei ya mayai, kilo moja ya maharagwe, omena kikombe kimoja, vitunguu, nyanya, malimau, maziwa lala. Sufuria mbili ndogo. Na kisu kimoja chenye makali, ambacho ulikishika kama nyoka. Washauri wako wa lishe wanataka upate gramu 60 za protini kwa siku, au zaidi, na yai moja lina gramu sita hivi, kikombe cha maziwa gramu nane. Sasa wewe unashiba kwa nusu kikombe cha chakula. Mtu mwenye kapu dogo sokoni halijazi maganda ya mahindi. Kwa hiyo yai kwanza, samaki kwanza, maharagwe kwanza, mboga zifuate, na ugali ukipata nafasi, upate. Usipofanya hivyo, nywele zitaanza kubaki kwenye kitana, na nguvu ulizozipata zitakuponyoka.

Blenda ilikufaa wiki zile za supu na vyakula vya kuponda. Sasa una meno, yatumie.

Omena zilikufundisha vizuri kuliko mimi. Mara ya kwanza uliziosha kwa maji mara moja tu, tukakaa mezani tukitafuna mchanga wa ziwa, wala sikusema neno. Mara ya pili uliziosha kwa maji ya uvuguvugu mara nne, hadi maji yakatoka meupe. Ukazikaanga kavu kwanza ili shombo iondoke, kitunguu kikafuata, nyanya zikaiva hadi zikavunjika, ukakamua limau, ukamalizia na maziwa kidogo juu ya moto mdogo. Nilikuona ukionja, ukasimama kimya na mwiko mkononi. Samaki wale huliwa na mifupa yao, na mifupa hiyo ndiyo chokaa ya mifupa yako.

Kuhusu mrenda nitakaa kidogo, kwa sababu ni mboga ya kwetu na unaipenda. Tangu utoto tunakula mrenda kwa kuwa unavuta tonge lishuke lenyewe, meno yakipumzika. Kwa tumbo lako la sasa huo ni mtego. Tonge zima litafika kwenye mlango mwembamba na kukwama, na utatoka nje ukishika kifua. Changanya mrenda na kunde, kama mama yako alivyofanya, kunde ziwe nyingi ili ulazimike kutafuna, na ule kwa kijiko kidogo.

Chai usiinywe na chakula. Subiri nusu saa. Ikiwahi, inajaza nafasi ya chakula, tena inazuia madini ya chuma ya mboga yasiingie mwilini. Vidonge vyako vya vitamini ni vya maisha, hata siku utakayojisikia mzima kuliko wote. Na busaa ya matangani sasa itakupanda upesi kuliko zamani, kwa hiyo mwachie mwenye tumbo lake.

Watu watakusumbua. Jirani alikuchinjia kuku, akakuwekea paja na mlima wa ugali, akauliza mbona unamwaibisha. Huyo hana ubaya. Kwetu sahani ndiyo salamu, na hajui namna nyingine ya kukuambia karibu nyumbani. Kula vipande viwili, tafuna taratibu, msifu mapishi, kisha omba kilichobaki kifungwe. Nilimwona akikifunga kwa furaha.

Ukifika Nairobi, chemsha maharagwe mara moja kwa wiki, yagawe kwenye vikopo vya nusu kikombe, uyaweke ndani ya friza. Mayai ya kuchemsha yasikosekane. Ukirudi kazini umechoka, ukute kitu kinachokusubiri, kabla miguu haijakupeleka kwa muuza chipsi. Utateleza siku nyingine, nami najua. Kesho yake washa jiko.

Jana jioni ulivuruga mayai na managu bila kuniuliza chumvi iko wapi. Ukanipakulia mimi kwanza. Wewe ukala vijiko vitano, ukaweka kijiko chini mwenyewe. Kilichobaki nilikifunika kwa kisahani, na asubuhi nikakuta sahani imeoshwa.

Omena nimekufungia kwenye mfuko wa nguo. Kisu nimekizungushia gazeti, nimekiweka juu ya blenda, ili ukifungua begi ukione kwanza.