Ujira wa Labani

Somo: Mwanzo 29:15-30 na 31:4-7



Yakobo alipofika Harani hakuwa na kitu mkononi ila fimbo yake. Mjomba wake alimpokea kwa busu, akamwita mfupa wake na nyama yake, tena akampa ruhusa ataje mwenyewe mshahara autakao. Basi Yakobo akatumika miaka saba. Karamu ikafanywa, usiku ukaingia, na kulipokucha akaona ya kuwa aliyepewa siye yule aliyemtumikia. Akaambiwa atumike saba mingine. Na baadaye aliwaambia wake zake ya kwamba baba yao amembadilishia ujira mara kumi.

Angalieni, aliyedanganywa hapa hakuwa mvivu, wala hakutaka mali ya bure, alitaka kazi. Na aliyemdanganya hakuwa mgeni, bali ndugu.

Nayaandika haya kwa kuwa jambo la namna hiyo limeingia katika usharika wetu hapa Gonja, nami mchungaji wenu sina mikono safi katika jambo hilo.

Msichana mmoja wa kwaya, aliyemaliza shule ya sekondari akakaa nyumbani miaka mitatu bila kuajiriwa, alipata ujumbe katika simu yake. Ulisema ya kwamba wanatafutwa watu wa kufanya kazi wakiwa nyumbani kwao: kutazama matangazo ya biashara katika simu na kutia alama ya kuyapenda, saa moja tu kila siku. Siku ya kwanza akalipwa Sh 3,000, nazo zilifika kweli. Ndipo akaambiwa kwamba kazi hiyo ina madaraja, na atakaye daraja la juu sharti aweke dhamana kwanza. Mama yake akauza magunia mawili ya mpunga. Tangu hapo hesabu yake katika simu ikaongezeka kila asubuhi, kama mbegu iliyopata mvua.

Akaleta sadaka ya shukrani, Sh 40,000. Mimi niliipokea madhabahuni, nikaitaja kazi yake mbele ya watu wote, nikamwomba Mungu aibariki. Ibada ilipokwisha, watu walimzunguka nje wakimwuliza njia ya kuingia. Nami sikuuliza neno hata moja: bwana huyo ni nani, auza nini, na mshahara huu watoka katika faida gani?

Watu kumi na mmoja waliingia kwa jina lake, na mmoja wao ni mjane auzaye tangawizi. Walipotaka kuzitoa fedha zao, waliambiwa walipe kodi kwanza. Wakalipa. Wakaambiwa iko ada ya kufungulia hesabu. Wengine wakakopa, wakalipa. Jumatatu moja asubuhi kikundi kile cha simu kilikuwa kimefungwa, na yule bwana hakupatikana tena.

Sisi Wapare twaijua ndiva. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku, na asubuhi hufunguliwa, watu wakanywesha mashamba yao kwa zamu. Mwenye akili akitaka kujua kama maji yatatosha, hautazami mfereji utokao. Hutazama kijito kiingiacho. Kazi hiyo ya simu haina kijito. Maji wapewayo wa kwanza yamechotwa katika mitungi ya wale waliokuja nyuma. Na siku asipotokea mgeni mwenye mtungi, ndiva imekauka, naye aliyeichimba amekwisha kwenda zake.

Wala si sisi peke yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 nchi yote ilisikia habari za LBL, ambako watu walitoa kiingilio ili walipwe kwa kutazama matangazo katika simu, na polisi wakawakamata baadhi ya waliohusika. Na wazee kati yetu hawajaisahau DECI, iliyoanza mwaka 2007. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na fedha iliyowekwa iliitwa mbegu, jina lililotoka katika mahubiri. Serikali iliizuia mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawahukumu viongozi hao. Natetemeka nikikumbuka hayo, maana mimi nami niliibariki mbegu nisiyoijua.

Wazee wa kanisa walipokutana, mmoja alitaka msichana huyo azuiliwe Meza ya Bwana mpaka alipe deni lote. Mwingine akasema, tamaa ndiyo iliyowaponza, waache walie. Neno hili la pili lasikika sana barazani, nami nalikataa. Bwana wetu alitusimulia habari za watu waliosimama sokoni mchana kutwa kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwaita wenye tamaa, aliwapa kazi. Vijana wetu wangapi wamesimama hivyo leo, na vyeti vyao sandukuni! Tukiwacheka waliodanganywa, watanyamaza kwa aibu. Na wakinyamaza, mdanganyifu atapita nyumba ya pili kwa amani.

Hata hivyo sisemi hapakuwa na dhambi. Msichana alinijia usiku, akaniambia: "Baba Mchungaji, kila mtu niliyemwingiza nilipewa elfu kumi, wala sikuwaambia. Hizo ndizo zinazoninyima usingizi." Hapo ndipo penye jeraha. Alikuwa Yakobo, akafanywa mkono wa Labani pasipo kujua. Lakini zile elfu kumi alizijua. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther atufundisha ya kwamba amri ya saba haikatazi kunyakua tu. Inatuagiza tumsaidie jirani kuilinda mali yake. Basi aliyeficha faida yake ameivunja, na mchungaji asiyeuliza ameivunja pia. Nilimwambia hivyo, kisha tukaungama sote wawili.

Na yule aliyemwandikia ujumbe? Nilimchukia sana, mpaka nilipojua habari nyingine. Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza ya kwamba katika Myanmar huenda watu 120,000 au zaidi wamefungwa na kulazimishwa kuwadanganya wengine kwa mtandao, na katika Kambodia wapata 100,000. Wengi wao waliitwa kwa ahadi ya kazi nzuri. Maelfu walipotolewa huko mwaka 2025, walikuwamo Wakenya na Waethiopia. Kwa hiyo huenda mkono ulioandika ujumbe ule ulikuwa mkono wa mfungwa, mtoto wa mama fulani aombaye kama tuombavyo sisi. Siwezi kujua. Lakini tangu siku hiyo nimeacha kulaani, nami nawataja watu hao katika maombi.

Ninyi walimu, wafundisheni watu jambo hili waziwazi: mwajiri wa kweli hulipa, halipwi. Anayedai dhamana, kodi au ada kabla ya kutoa mshahara, huyo ni Labani. Ujumbe wa namna hiyo upelekwe kwa namba 15040 ya TCRA, na aliyekwisha kupoteza fedha aende polisi mapema, asiufute ujumbe wowote. Tena mtu asitangaze biashara yake kanisani, hata kwa njia ya shukrani, kabla wazee hawajaiuliza.

Ile sadaka ya Sh 40,000 tuliitoa katika sanduku la kanisa, tukampa mjane. Mzee mmoja aliniuliza kama ni halali kurudisha kilichokwisha kuwekwa madhabahuni. Sikupata aya ya kumjibu upesi. Nikamwomba twende pamoja tukampelekee, naye akaenda.

Msichana sasa apandikiza mpunga Maore kwa ujira wa kutwa. Katika zile Sh 110,000 alizopewa kwa ajili ya watu wale, amekwisha kurudisha 60,000, akianza na mjane. Kwaya imemwita tena. Amesema ataimba atakapomaliza zile hamsini zilizobaki, nasi hatumharakishi. Lakini ibadani huja, na Jumapili iliyopita alikaa benchi ya nyuma, karibu na mlango, na yule mjane kando yake.