Chaki Ifute Kwanza

Mpwa wangu, zile alama za chaki zifute.

Jana nilikuona umeketi barazani, ufito mpya wa kuvulia samaki umeulaza mapajani na ule wa zamani umeuweka kando, unapima kwa uzi toka pete hadi pete na kutia alama. Sikusema neno, maana ulikuwa na wenzako, na kijana hakosolewi mbele ya wenzake. Leo tuko wawili.

Nami nilianza hivyo hivyo. Ufito wa kwanza kumfungia mtu kwa malipo ulikuwa wa kaboni, futi 7, wa kuvulia kolekole kwenye miamba huko nje ya Watamu. Nilikuwa na mwingine wa urefu uleule, wa kiwandani, pete zake zimepangika vizuri. Nikauiga sentimita kwa sentimita. Ulitoka ukipendeza hata nikautundika ukutani wiki nzima kila apitaye auone. Siku ya tatu baharini kolekole akashika, akazama kuelekea jabali, na ufito ukakatika baina ya pete ya tatu na ya nne kwa mlio wa bua kavu. Samaki mwenyewe hakuwa wa kutisha. Ule wa kiwandani ulikuwa laini toka kati, wangu ulikuwa mgumu hadi karibu na ncha ndipo upinde. Nilimvisha mtu kanzu ya mwenzake kwa kuwa wana kimo kimoja.

Kwa hiyo ufito usiupime ukiwa umelala. Upime ukiwa na mzigo.

Anzia nchani. Pete ya kwanza iweke kama sentimita 10 kutoka ncha, ya pili iachie nafasi kubwa kidogo, ya tatu kubwa zaidi, hivyo hivyo hadi chini, kwa sababu ncha ndiyo inayopinda sana na ndiyo inayotaka kushikwa kwa karibu. Idadi yake, mafundi wengi huhesabu pete moja kwa kila futi kisha wakaongeza moja, ile ya nchani haimo hesabuni. Hapo umepata pa kuanzia tu. Usifunge uzi bado. Kata tyubu ya baiskeli vipete vyembamba, vishikie miguu ya pete, uweze kuzisogeza kwa kidole.

Sasa bana kipini kwenye jiriwa, ufito utazame juu kwa mshazari. Pitisha mshipi kwenye pete zote, mwisho wake ufunge dumu la lita 5, tupu. Kisha tia maji kikombe baada ya kikombe. Usiwe na pupa, na usiusimamishe ufito wima kama mlingoti wakati dumu linaning'inia. Kaboni haipendi kukunjwa nchani peke yake, itakuvunjikia usoni. Ukishapinda vya kutosha, rudi nyuma hatua tatu, chuchumaa, utazame kwa ubavu.

Hapo ndipo penye kazi yote. Ufito ni upinde, mshipi hupita umenyooka kati ya pete na pete. Kila penye pete mshipi unapinda kidogo. Ukiona pete moja mshipi umefanya kona kali na jirani zake umepita karibu umenyooka, pete ile inabeba mzigo wa wenzake. Zisogeze jirani ziisaidie. Pete zikiwa upande wa juu, tazama mshipi kati ya pete na pete: ukigusa ufito, nafasi ni pana mno, na chumvi na mchanga vitausaga. Sogeza, tazama tena. Mimi ufito mmoja huweza kunila alasiri nzima, chai ikapoa. Ila usije ukadhani kuongeza pete kunatibu kila kitu. Kila pete ya nchani ina uzito, na ncha ikilemewa hurudi kwa uvivu.

Huo wako unautilia rili ya kuning'inia chini, ile inayoutoa mshipi kwa miviringo, kwa hiyo pete zako zinakaa chini na kuna jambo moja zaidi. Miviringo ile lazima itulizwe polepole: pete kubwa yenye miguu mirefu kwanza, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi. Itulizwe wapi? Bana kijiti kilichonyooka katikati ya rili, kama umeurefusha mhimili wake kwenda mbele. Mhimili umeinama kidogo kuelekea ufito, kwa hiyo utakutana nao mahali. Hapo pakutanapo, weka pete ndogo. Kutoka hapo hadi nchani pete zote ziwe ndogo.

Utasikia pia habari za mgongo wa ufito. Sisi tulifundishwa kuutafuta: kitako sakafuni, ncha kiganjani, unabonyeza katikati, ufito unajizungusha hadi utulie upande mmoja. Nimehangaika nao miaka mingi nikidhani ndio unaozuia ufito kupinduka mkononi. Sivyo. Pete zikiwa juu, ufito ukipata mzigo utataka kupinduka tu, mgongo uwe wapi uwe. Siku hizi mimi naangalia ufito ulivyopinda wenyewe kiasili, nautaka uonekane umenyooka, basi.

Miguu ya pete ipige tupa mpaka iwe nyembamba, uzi upande bila kuruka. Makali yakibaki yatauma kaboni. Na kauri iliyo ndani ya kila pete ipitishie kipande cha pamba kabla hujafunga. Pamba ikiacha nyuzi, kuna ufa. Pete hiyo itupe hata kama umeinunua jana, kwa maana ufa usiouona ndio utakaoula mshipi.

Jiriwa iko stoo, nyuma ya mtungi wa gesi. Njoo kesho baada ya swala ya Alasiri, ulete ufito, rili na tyubu. Dumu ninalo. Gundi iache nyumbani.