Mwili Unapokataa Kukimbia

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Waf. 18:41–46, 1 Waf. 19:1–8, 1 Kor. 9:24–27; Mit. 26:13–16, Flp. 2:25–30, 2 Tim. 4:7, 20.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 6:19, 20. Lisome katika Biblia yako mwenyewe kila asubuhi juma hili, kabla ya kufunga kamba za raba.

Katika makanisa yetu mengi kukimbia si mchezo wa vijana peke yao tena. Wazee wa kanisa, mama wa Dorkasi, walimu waliostaafu, wote utawakuta barabarani kabla jua halijachomoza. Wengine wameambiwa na daktari kwamba presha imepanda au sukari inanyemelea. Wengine wamejiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani, na kila siku wanaandikishana kilomita kwenye simu. Ni jambo jema. Tangu njozi ya afya aliyopewa Ellen White mwaka 1863, Waadventista wamefundishwa kwamba kuutunza mwili ni sehemu ya ibada.

Lakini iko asubuhi nyingine. Koo linawasha, viungo vinauma, kichwa kizito, na raba ziko pale pale mlangoni. Mtu ameshika utaratibu wake miezi mitatu bila kukosa hata siku moja. Akibaki kitandani anajiona mvivu. Akitoka, mwili unalalamika. Je, Neno la Mungu lina la kumwambia mtu huyu? Linalo, tena linaanza na nabii aliyekimbia.

*Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Mbio za Karmeli

Soma 1 Wafalme 18:41–46. Eliya alipata wapi nguvu za kulitangulia gari la Ahabu?

Kutoka Karmeli mpaka Yezreeli ni mwendo wa kilomita 25 hivi, na mvua kubwa ilikuwa imeanza kunyesha. Eliya alikuwa amekesha na mambo mazito siku nzima: madhabahu, manabii wa Baali, moto, kisha kuombea mvua mara saba. Kwa hesabu ya kibinadamu alipaswa kuwa hoi. Biblia haisemi kwamba alikuwa amejizoeza vizuri. Inasema mkono wa Bwana ulikuwa juu yake.

Nguvu ile ilikuwa ya kazi ile, kwa siku ile. Hakuna fungu linalosema Eliya aliamka kesho yake akaipiga tena njia hiyo ili asipoteze mazoea.

JUMATATU
Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Ni mambo gani ambayo malaika hakumwambia Eliya?

Tumezoea kulihubiri tukio hili kama kisa cha nabii aliyekata tamaa, na kweli alikata tamaa. Lakini tusome polepole, kwa sababu lina mwili ndani yake kuliko tunavyodhani. Mtu huyu amekimbia mpaka Yezreeli. Ujumbe wa Yezebeli umemfikia, ameondoka tena, amekwenda kusini hadi Beer-sheba, safari ya zaidi ya kilomita 150. Huko anamwacha mtumishi wake na kuingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Halafu anaketi chini ya mretemu na kuomba afe.

Mungu anamjibuje? Hamjibu kwa hotuba. Hamkumbushi moto wa Karmeli wala kumuuliza imani yake imekwenda wapi. Malaika anamgusa na kumwambia ale. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa, na kuna maji kichwani pake. Eliya anakula, anakunywa, kisha analala tena. Hapa ndipo penye utamu: malaika anamwacha alale! Mjumbe wa mbinguni yupo, kazi ya Mungu katika Israeli haijakwisha, Yezebeli bado yuko kwenye kiti, na nabii anaachwa asinzie mara ya pili. Anaporudi, malaika anamlisha tena na kukiri waziwazi kwamba safari iliyo mbele inamzidi nguvu.

Swali gumu la Mungu, lile la kumuuliza Eliya anafanya nini mahali pale, lilikuja. Lakini lilimngoja Horebu, baada ya usingizi, chakula, maji na siku arobaini. Halikuulizwa chini ya mti kwa mtu aliyelala chini.

Angalia pia yule mtumishi aliyeachwa Beer-sheba. Wengi wetu mwili ukianza kugoma tunafanya vivyo hivyo, tunajitenga ili asiwepo wa kutuona tumelala. Kwenye kikundi mtu anaandika “niko sawa” huku anatetemeka kwa baridi wakati wenzake wanatokwa jasho.

*Ni lini mara ya mwisho ulipumzika kwa sababu ya ugonjwa bila kujisikia na hatia? Hatia hiyo, kama ilikuwepo, ilitoka kwa nani?*

JUMANNE
Kiasi Katika Jambo Jema

Soma 1 Wakorintho 9:24–27. Paulo anasema mwanamichezo hujizuia katika mambo gani?

Wakorintho walielewa mfano huu upesi. Mashindano ya Isthmia yalifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili, na taji la mshindi lilikuwa la majani tu, likikauka upesi. Fungu hili hutumiwa sana kumsukuma mtu aendelee hata kama mwili umechoka: utese mwili, utumikishe! Ila mstari wa 25 una neno linalorukwa. Mshindani hujizuia katika yote. Si katika chakula na anasa peke yake.

Tumefundishwa kwamba kiasi ni kuacha kabisa vitu vyenye madhara na kutumia kwa busara vile vilivyo vizuri. Sehemu ya kwanza tumeishika vizuri. Sigara na pombe tunazijua. Sehemu ya pili inatupa shida, kwa kuwa kosa linalovaa nguo za wema ni gumu kulitambua. Kukimbia ni kitu kizuri, kwa hiyo na kwenyewe kunahitaji kiasi. Ellen White alipoorodhesha dawa nane za asili katika kitabu cha *Huduma ya Uponyaji* mwaka 1905, pumziko na mazoezi aliyaweka jirani, na pumziko likatangulia.

JUMATANO
Mafua au Homa?

Soma Mithali 26:13–16. Mvivu ana sababu gani ya kutotoka nje?

Simba wa mvivu yupo, tusijidanganye. Kila mtu anayekimbia amewahi kusikia akinguruma saa kumi na moja alfajiri, hasa msimu wa mvua. Sasa nitajuaje kama ninayemsikia ni simba wa uvivu au ni mwili unaniambia kweli?

Wanaoshughulika na afya ya wanamichezo wana kipimo chepesi kinachofaa watu wengi. Kama tatizo liko juu ya shingo tu, yaani mafua mepesi, pua kutoka maji, kupiga chafya, koo kuwasha kidogo, unaweza kutembea au kukimbia polepole kwa muda mfupi. Ukiona baada ya dakika kumi umezidi kuwa mbaya, rudi nyumbani. Kama tatizo liko chini ya shingo, kikohozi cha kifuani, kutapika, kuharisha, viungo vyote kuuma, usikimbie. Na kama una homa, usikimbie hata kidogo, pua ikiwa safi au isiwe safi.

Sababu zake si za kubuni. Homa inaufanya moyo upige haraka hata ukiwa umelala, na mwili unapoteza maji. Mbio zinaongeza mzigo juu ya mzigo. Tena virusi vinavyoleta mafua makali huweza mara chache kushambulia msuli wenyewe wa moyo. Ni nadra, lakini mtu anayekimbia katika hali hiyo anaweza kuanguka na asiinuke. Kumeza panadol ili joto lishuke na kutoka barabarani si dawa. Joto limefichwa, ugonjwa bado upo.

Kwetu huku liko jambo la ziada: homa si lazima iwe mafua. Usikisie malaria, wala usikisie kwamba si malaria. Nenda kapime. Ukikutwa nayo, maliza dozi kwanza, mbio zitakungoja. Mwenye kisukari naye ajue kwamba ugonjwa hupandisha sukari hata kama amekula kidogo. Apime na kumwona mhudumu wa afya, asijaribu kuifukuza sukari kwa mbio.

Wapo wanaoogopa kwamba wakikosa juma moja kazi yote ya miezi inapotea. Haipotei. Pumzi uliyoijenga kwa miezi haiondoki kwa siku saba. Homa ikishakuacha bila msaada wa dawa, na siku nzima ikapita salama, anza kwa kutembea. Kesho yake tembea zaidi. Ukirudi kukimbia, kimbia nusu ya kawaida yako, na kama mapigo ya moyo unapoamka bado yako juu kuliko ulivyozoea, ongeza siku.

Huyo simba wa uvivu mara nyingi huondoka ukishavaa raba na kutembea dakika kumi. Homa haiondoki hivyo.

ALHAMISI
Trofimo Alibaki Mileto

Soma 2 Timotheo 4:7, 20 na Wafilipi 2:25–30. Paulo aliwatendeaje wenzake walipougua?

Sura ya mwisho ya 2 Timotheo tunaipenda kwa mstari wa saba, Paulo anaposema kwamba mwendo wake ameumaliza. Tunausoma kwenye mazishi. Ni wachache wanaofika mstari wa 20 wa sura hiyo hiyo, ambako mtume anataja kwa maneno machache kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Paulo aliyewahi kuponya wagonjwa hakumburuta mwenzake mgonjwa safarini. Hakumlaumu pia. Mmoja alimaliza mwendo, mwingine akabaki kitandani, na wote wawili wametajwa katika ukurasa mmoja bila aibu.

Epafrodito yeye aliugua karibu kufa. Paulo hawaambii Wafilipi wamwonyeshe njia ya kuwa shujaa zaidi. Anawaagiza wampokee kwa furaha na kumheshimu.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Mahubiri mengi ya kwetu yamejengwa juu ya michezo ya Olimpiki ya Mexico, Oktoba 1968. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa na ugonjwa wa nyongo na maumivu makali ya tumbo. Katika mita 10,000 alianguka nje ya njia zikiwa zimebaki raundi mbili hivi. Madaktari walimshauri asiendelee. Akaendelea, akapata fedha mita 5,000 na dhahabu mita 1,500. Katika michezo hiyo hiyo John Stephen Akhwari wa Tanzania aliumia goti katika marathoni, na bado akaingia uwanjani akichechemea, zaidi ya saa moja baada ya mshindi.

Visa hivi ni vya kweli na vinastahili heshima. Lakini tuvihubiri kwa uangalifu. Mtu akivuka mto uliofurika akafika ng'ambo salama, mto haujapungua kwa ajili ya anayemfuata. Wale walikuwa wamejiandaa miaka kwa siku isiyorudi. Jumanne yako asubuhi itarudi juma lijalo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwenzenu kwenye kikundi cha mazoezi ameandika “niko sawa”, na ninyi mnajua ana homa. Mtamwambiaje bila kumfedhehesha?

2. Darasa lenu lisome tena 1 Wafalme 19:5–8. Kanisa letu linapomwona mtumishi aliyechoka, je, hutangulia kumpa mkate na maji, au humpa swali la Horebu kwanza?

3. Yupo kati yenu ambaye anatumia ugonjwa wa jana kukwepa kutembea leo? Mnawezaje kumsaidia ainuke, na ni nani atakayekwenda kumgongea mlango kesho saa kumi na mbili asubuhi?