Kungoja na Kutafuta

Mtu aonapo damu katika mkojo wake hupatwa na hofu mbili kwa pamoja: hofu ya maradhi na hofu ya kuyataja. Mara nyingi hofu ya pili huishinda ya kwanza, maana kibofu ni kiungo cha sitara, na mambo ya sitara hunong'onwa au hunyamaziwa kabisa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Walakini methali hii husikika zaidi matangani kuliko njiani kwenda kwa tabibu.

Katika Unguja, Pemba na sehemu nyingi za mwambao, kimya hicho kina sababu nyingine. Kichocho ni maradhi ya kale huko. Kidudu chake hukulia katika konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya mtoto aogaye mtoni au bwawani, na mayai yake hukwama katika ukuta wa kibofu. Kwa hiyo damu katika mkojo imezoeleka, ikahesabiwa kuwa jambo la utotoni. Theodor Bilharz, tabibu wa Kijerumani, alikigundua kidudu hicho mjini Kairo mwaka 1851. Mwaka 1911 Ferguson, huko huko Misri, aliandika juu ya uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiweka kichocho cha mkojo miongoni mwa visababishi vya saratani kwa wanadamu. Basi mtu wa miaka hamsini asemaye, "Hiki ni kichocho changu cha zamani," huenda akawa amesema kweli, na huenda akawa ametaja mzazi akamsahau mtoto. Yeye mwenyewe hana njia ya kupambanua.

Baina ya dalili na hukumu kuna siku nyingi. Mkojo hupimwa, picha hupigwa, bingwa huingiza kifaa chembamba chenye taa akitazame kibofu kwa ndani, kipande cha nyama hukatwa kikasomwe kwa darubini. Katika siku hizo mtu si mzima wala si mgonjwa. Hapo ndipo jamaa hugawanyika. Wako wasemao kwamba kumkimbilia bingwa kabla ya jibu ni upungufu wa subira. Wengine husema ni israfu: ng'ombe auzwe, au mikarafuu iwekwe rehani, kwa ugonjwa ambao labda haupo?

Neno la hawa wa pili halistahili kuchekwa. Mali hiyo ni ya watoto pia, na ni kweli kwamba wengi waonao damu katika mkojo hawana saratani. Lakini kinachonunuliwa kwa fedha hiyo si dawa. Ni maarifa, na maarifa haya huchakaa yakicheleweshwa. Uvimbe uliobaki katika utando wa ndani huweza kukwanguliwa kwa njia ya mkojo, tumbo lisipasuliwe. Ukishaingia katika msuli wa kibofu, mara nyingi hulazimu kibofu chote kiondolewe, iwapo bado inawezekana. Shilingi ya mwezi wa kwanza na shilingi ya mwezi wa kumi hazinunui kitu kimoja. Tena shamba lililookolewa leo huweza kuuzwa mwakani kwa matibabu makubwa zaidi yenye tumaini dogo zaidi.

Ama hao wa subira, wameliazima jina jema wakalivika uzembe. Mkulima hungoja mvua akiwa amekwisha lima. Asiyelima naye hungoja mvua ile ile, lakini hakuna amwitaye mvumilivu.

Hata hivyo si kila mwenye koti jeupe ni bingwa wa jambo hili, na hapa adabu humtatiza mgonjwa. Mtu aliyelelewa kuitikia "Ndiyo, Daktari" huona haya kuuliza kama kile kipande kilichokatwa kilifika kwenye msuli. Nalo ni swali zito, kwa kuwa kipande kisicho na msuli hakiwezi kueleza vema uvimbe umezama kiasi gani, na pengine kazi yote hurudiwa. Kuuliza hivyo, au kuomba jicho la bingwa wa pili, hakumvunjii heshima wa kwanza. Fundi mwema hachukii kazi yake ikikaguliwa. Achukiaye amekwisha toa habari zake mwenyewe.

Bingwa naye ana deni. Mgonjwa wa Pemba aliyevuka bahari kwenda Dar es Salaam hulala kwa jamaa, hula chakula cha watu, na kila jioni huulizwa, "Wamesemaje?" Kumwambia "Rudi baadaye" ni kumwongezea maradhi ambayo hakuja nayo. Na atajiwe siku ya jibu kwa tarehe, na aambiwe ni mlango gani wa kubisha ikiwa siku hiyo itapita pasipo neno.