Mtu na Karatasi Yake

Nimezaliwa Kiwengwa mwaka 1950, na kabla sijatimiza miaka kumi na mitano nilikwishakuwa mtu wa dola nne bila ya kuhama kijiji. Nilizaliwa mtu wa Sultani, chini ya himaya ya Mwingereza. Tarehe 10 Disemba 1963 tukawa nchi huru. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi na Jamhuri. Na tarehe 26 Aprili mwaka huohuo nikaamka nikiwa wa Muungano. Minazi ilikuwa ileile, na mama akinituma kisimani kwa sauti ileile.

Nayasema haya kwa ajili ya ami yangu. Katika miaka ya hamsini alifuatana na wavuvi wa Kipemba waliopiga dago pwani yetu, akaondoka nao kwa upepo wa kusi hadi Vanga, akaoa huko na hakurudi tena. Mwambao ule wa Kenya, maili kumi kutoka baharini, ulikuwa bado milki ya Sultani mpaka alipouachia kwa mkataba wa Oktoba 1963. Basi ami alitoka nchi ya Sultani akenda nchi ya Sultani. Mpaka ulikuja baadaye, ukamkuta amelala kwake.

Watoto wake wakahesabiwa pamoja na Wapemba wa huko, na Wapemba wa huko hawakuhesabiwa na mtu. Bila ya kitambulisho, ambacho wenyewe hukiita kipande, mtu hapati leseni ya kuvua, hamiliki ardhi kwa hati, hata laini ya simu huisajili kwa jina la jirani. Wamakonde wa Kenya walikwenda kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016, ndipo wakatambuliwa. Wapemba walingoja hadi 2023. Binamu yangu alinipigia simu usiku, akanisomea nambari ya kipande chake moja moja, kisha akanisomea tena.

Watu wa namna hii wako kwingi. Romania, kwa sheria yake ya uraia ya mwaka 1991, iliwafungulia mlango watu wa Moldova na wajukuu wao, kwa kuwa ardhi yao ilichukuliwa na Urusi ya Kisovieti mwaka 1940 nao wamo majumbani mwao. Lakini huko mjukuu hutafuta cheti cha babu katika makabati ya zamani. Babu zetu sisi hawakuwa na cheti. Walikuwa na majirani.

Usiku ule nilifurahi, kisha furaha ikanitoka. Maana na mimi nimewahi kuishika kalamu.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, wazazi wakileta watoto kuandikishwa skuli bila ya cheti cha kuzaliwa. Nikiuliza, mama hunijibu: "Kusi ilikuwa inaanza, mwaka ule ng'ombe wetu alipotumbukia kisimani." Nami huandika tarehe mosi Januari na mwaka wa kukisia. Kuna watu wazima leo ambao pasi zao za kusafiria na siku zao za kustaafu zimetokana na makisio yangu. Halikunisumbua hilo. Niliamini kwamba karatasi haimfanyi mtu awepo, bali inashuhudia tu kwamba yupo.

Mwaka 2005 kilipoanza kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, alinijia kijana niliyemsomesha mwenyewe. Baba yake alikuwa Mmakonde, fundi mwashi. Alitaka barua kwamba kazaliwa kijijini petu. Nilimjua tangu akibebwa mgongoni. Lakini ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na barua ya mtu ilitazamwa inampa nani kura. Nikamwambia alete cheti kwanza. Wengine niliwaandikia bila ya cheti.

Sisemi serikali isiulize. Wapo waongo, na barua za kununua zimekuwapo. Ninalojiuliza ni hili: penye shaka, ni nani aibebe? Mimi niliyekuwa na hakika nilimtwika yule asiyekuwa na la kufanya, na nikaiita hiyo hadhari. Sikusema uongo hata neno moja. Ila kuficha ushahidi tulifundishwa chuoni, tukingali na mbao mkononi, kuwa ni dhambi, na sikumbuki kuambiwa kwamba mwaka wa uchaguzi haihesabiwi. Binamu nilimwambia kwamba amedhulumiwa miaka sitini. Waliomdhulumu nao, nahisi, walikuwa watu wa hadhari.

Kijana yule alikipata kitambulisho baadaye, kwa ushahidi wa bibi mmoja mkunga asiyejua kuandika, aliyetia dole gumba. Leo ana daladala iendayo mjini. Huninyanyulia mkoba, hunipa shikamoo, na nauli hataki kuipokea. Nikishuka huiacha juu ya kiti.