Nunua Bomba, Mimina Saruji, Inua

Usisubiri jimu ifike hapa kwetu Moa, pwani ya Tanga. Usisubiri shemeji aliyeko Muscat akutumie seti ya vyuma, wala mavuno ya nazi, wala huo mwaka mpya ambao kila Desemba tunautwika ahadi zetu zote. Nguvu unazozitamani zinapatikana uani kwako, na vifaa vya kuzitafutia vinauzwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, dirisha lile lile unalonunulia misumari. Kinachohitajika ni kuchagua vizuri, na kuchagua vizuri maana yake ni hii: chukua kitu unachoweza kukiongezea uzito kidogo kidogo. Kifaa kisichoongezeka, king'ae kitakavyong'aa, mwezi wa pili utakitundikia nguo.

Mwili ni mjanja, huzoea haraka. Kilo 10 ulizozihangaikia wiki hii, baada ya muda mfupi unazichezea, na misuli isipoona kazi mpya haina sababu ya kukua. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "bei gani?" peke yake. Muulize pia: nikishaizoea hii, naiongezea nini? Akikosa jibu, mshukuru, nenda zako.

Hapo ndipo mashine nyingi za mtumba zinapoanguka. Vijana wakipata vijisenti, wazo la kwanza ni mashine: ile ya kamba na puli, au ya kukimbilia palepale. Sikatai, zinapendeza. Lakini sisi ni watu wa pwani, tunaishi na upepo wa bahari na mashamba ya chumvi. Chuma kisichopakwa kitu hapa huanza kuwa chekundu kabla hujamaliza kulipa deni lake, na puli ikishakula kutu, hiyo mashine imebaki roshani ya kuku. Umeme nao ukikatika, utakimbilia wapi?

Halafu zipo zile dambeli za plastiki za rangi rangi zinazopangwa mbele ya maduka mjini Tanga. Nyingi za bei nafuu ukizipasua utakuta ndani saruji au mchanga. Unalipia saruji iliyosafiri kwa meli kutoka ng'ambo ilhali saruji tunaitengeneza wenyewe hapo Pongwe. Mimi hili hunichekesha na kuniudhi kwa pamoja.

Basi tuanze na chuma kirefu cha kushika, maana ndicho cha kwanza kutolewa pesa. Chuma cha mashindano ya wanaume kina uzito wa kilo 20 na urefu wa mita 2.2, cha wanawake kilo 15. Huna haja nacho. Nenda kachukue bomba la chuma la maji la inchi moja, lililopakwa zinki, lenye ukuta mnene. Bomba huuzwa kwa urefu wa mita 6: changeni watatu, fundi awakatie, kila mmoja aondoke na mita 2, karibu kilo 5 mkononi. Mwambie fundi wa kuchomelea akuwekee pete mbili za chuma, moja kila upande, sahani zisije zikakufuata katikati. Zinki itapambana na kutu kwa muda, ila pale fundi alipochomelea imeungua, kwa hiyo papake rangi siku hiyohiyo. Ukimaliza tizi, futa jasho kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine. Ya nazi yaache kwa nywele. Mkono ukiteleza chuma kikiwa juu ya kichwa, hutapata wa kumlaumu.

Bomba hilo linatosha kwa kilo 40 hivi. Ukishazidi hapo, nalo likaanza kupinda, furahi, umekua. Badili uchukue nondo laini ya mviringo isiyo na tundu, ya milimita 30. Mita 2 zake peke yake ni kilo 11.

Sasa sahani. Wengi humimina saruji kwenye makopo mawili ya rangi, wakachomeka bomba, wakaona kazi imekwisha. Kopo la lita 4 likijaa zege ni karibu kilo 9 na nusu, si haba, lakini umejifunga: uzito ni huohuo leo na mwakani. Zitenge sahani na chuma. Tafuta beseni kuukuu lenye kitako cha sentimita 30, lipake oili chafu ndani, simamisha katikati kipande kifupi cha bomba la plastiki la inchi moja na nusu ili pabaki tundu. Changanya saruji moja, mchanga miwili, kokoto ndogo tatu, maji ya kiasi, isiwe uji. Mimina nusu, laza duara la waya wa kufungia nondo, mimina iliyobaki, gongagonga ubavuni hewa itoke. Lita moja ya zege ina kilo 2.4, kwa hiyo unene wa sentimita 6 unakupa kilo 10, sentimita 3 kilo 5, na kisahani cha sentimita moja na nusu ni kilo 2 na nusu. Hivyo vyembamba vitengeneze kwa uangalifu zaidi kwa sababu hupasuka upesi, lakini ndivyo vyenye thamani kuliko vyote: ndivyo vitakavyokupandisha ngazi hatua fupi fupi, bila kuruka na kuanguka. Zifunike sahani kwa gunia bichi, uzimwagie maji siku 7. Nguvu kamili ya zege huja siku ya 28, kwa hiyo usizibwage chini kabla, na hata baada ya hapo zishushe kwa adabu.

Mchanga wa ufukweni usiuguse. Chumvi yake itakula waya ndani kwa ndani, na fukwe zetu zinaliwa vya kutosha. Kadhalika stendi ya kuwekea chuma: mikoko inalindwa na sheria, iache isimame. Nguzo za mvinje zinafaa, zimenyooka. Na ukiletewa kipande cha reli kichochoroni kwa bei ya chee, jua ni mali ya umma, mfukuze aliyekuletea.

Mwenye pesa za kununua vya dukani, nunua, hakuna dhambi. Ila nenda na rula. Sahani za mashindano zina tundu la milimita 50, za nyumbani nyingi zina tundu la 25 hadi 30, na wauzaji huchanganya. Pima tundu, pima chuma, ndipo utoe noti. Dambeli chagua zile za kuongeza na kupunguza sahani, jozi moja tu, kuliko jozi nne zisizobadilika.

Na ambaye hana hata hela ya bomba? Simama, nawe tunakuhitaji. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, na ukitaka kilo 12, tia lita 12. Hakuna kifaa duniani kinachoongezeka kwa urahisi kama hicho. Kiroba cha unga kikijazwa mchanga wa mtoni na kushonwa vizuri, ukakitia ndani ya kiroba kingine, unakibeba begani ukichuchumaa na kuinuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walionyesha mwaka 2012 kuwa mzigo mwepesi ukiinuliwa hadi misuli ikatae hukuza mapaja sawa na mzigo mzito, ingawa mzito ndio uliozidi katika kujenga nguvu za kunyanyua. Wepesi wa mzigo wako basi si kisingizio. Uvivu ndio kisingizio, na huo tunajuana.

Dada zangu, msipishe njia. Mama anayetoka kisimani na ndoo ya lita 20 kichwani amebeba kilo 20 tangu utotoni, halafu anaambiwa vyuma ni vya wanaume! Mkenya Hellen Wawira Kariuki, anayeshindana katika mashindano ya watu wenye ulemavu, alilala kwenye benchi akasukuma chuma hadi akapata medali ya shaba kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Birmingham hiyohiyo ndiko kijana wetu wa Tanga, bondia Hassan Mwakinyo, alikomsimamisha Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili, Septemba 2018. Mji ule unatujua.

Wazee nao wasiachwe barazani. Boston, Marekani, mwaka 1990, wazee 10 wa makao ya wazee, wastani wa umri miaka 90, walipewa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Tisa walimaliza wiki 8, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Miaka 90! Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki. Siku mbili tu, na Ramadhani zinapatikana baada ya futari. Mwenye presha au ngiri apite zahanati kwanza, na kila mmoja apumue anapoinua, asibane pumzi.

Mazoezi yenyewe ni manne: kunyanyua kutoka chini, kuchuchumaa na mzigo, kusukuma juu ya kichwa, kuvuta kuelekea tumboni. Kusukuma kifuani ukiwa umelala chini ya chuma, usifanye peke yako hata siku moja. Hapo hakuna ubingwa. Na chuma cha kuning'inia kati ya minazi miwili ni kizuri sana, mradi uangue madafu kwanza.

Kinachoua wengi ni ile hamasa ya waja leo waondoka leo. Tanga tunausifu msemo huo kwa wageni. Kwa tizi haufai. Andika ukutani kwa mkaa: tarehe, uzito, mara ngapi. Wiki ijayo moja kati ya hivyo iongezeke, hata kwa lita moja ya maji.

Jumamosi nenda dukani na wenzako wawili mkachange bomba. Jumapili mimina sahani. Zitakaa mwezi mzima kabla hazijawa tayari, na mwezi huo wote dumu lipo jikoni. Lijaze leo baada ya Alasiri, linyanyue mara 10, pumzika, rudia. Kesho asubuhi mapaja yakikuuma, yamekusikia.