Dhahabu kwenye Jalada

Je, ni ubatili kupamba kitu kwa nje? Mkristo hujibu upesi kwamba Mungu hutazama moyo, na hivyo ndivyo tusomavyo katika 1 Samweli 16. Lakini Samweli alikuwa akitafuta mfalme. Swali langu ni dogo kuliko hilo, ni la majalada ya vitabu.

Kati ya miaka ya 1880 na 1910 hivi, wachapishaji wa Marekani walivisha riwaya zao vitambaa vilivyopigwa chapa za rangi na dhahabu. Mchoro ulichongwa kwenye bamba la shaba, bamba likapashwa moto, kisha mashine ikalikandamiza juu ya kitambaa kilichotandazwa dhahabu nyembamba kuliko karatasi. Riwaya za kihistoria zilipata mapambo mengi ya namna hiyo: ngao, taji, panga, maua. Hata Ben-Hur ya Lew Wallace, inayosimulia siku za Kristo, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1880 katika kitambaa chenye maua.

Wachoraji wengi mashuhuri wa majalada hayo walikuwa wanawake. Sarah Wyman Whitman wa Boston alichora kwa ajili ya kampuni ya Houghton Mifflin, na pia alitengeneza madirisha ya vioo vya rangi. Alifundisha kwamba hata kitabu kinachouzwa kwa bei nafuu kinastahili kuguswa na sanaa. Mimi naiona imani yake hapo kuliko hata kwenye vioo. Matajiri tangu zamani walijalidiwa vitabu kwa ngozi, kimoja kimoja, kwa mkono. Karani alinunua chake dukani, na Whitman hakumwona mtu huyo kuwa mdogo mno kuchorewa mstari mzuri. Tena hakujaza jalada. Mara nyingi mistari michache na ua vilimtosha. Bezaleli wa Kutoka 31 alijazwa Roho kwa kazi ya mikono, na sioni kwa nini Roho huyo aishie mlangoni pa hema.

Hata hivyo liko jambo linalonisumbua. Jalada lilikuwa chambo pia (na sisi wenye Biblia za zipu ya kumetameta tusicheke). Samaki akinaswa na hadithi njema, hewala. Lakini baadhi ya riwaya za enzi ile zilisifu mashamba makubwa ya kusini mwa Marekani na kuwaonyesha watumwa kama watu walioridhika. Kitabu cha namna hiyo kikivikwa dhahabu, msomaji hupenda wakati ambao wengine waliuzwa sokoni. Mchoraji hakuutunga uongo huo, lakini aliupokea akaufungulia mlango wa sebuleni. Sikubali ajitetee kwamba kazi yake ilikuwa ya nje tu, kwa maana kama ya nje ni ya Mungu pale alipomheshimu karani, ni ya Mungu hapa pia, na hapa ataulizwa.

Baadaye karatasi ya kufunika kitabu ilichukua kazi ya kuvuta wanunuzi, na kitambaa kilicho chini yake kikabaki kitupu.